Bwana Skrubu na Simu ya Wifi

Mtaa mzima humwita mume wangu Bwana Skrubu, naye, mjinga wa watu, anadhani ni sifa. Miaka ishirini na saba nimeolewa na mtu anayetembea na kiberiti mfukoni, na ndani ya kiberiti hamna hata njiti moja: zimo skrubu nne za simu za zamani, zile za mezani za kuzungusha namba kwa kidole. Popote anapokutana na watu, iwe msibani au kliniki, atakifungua. "Hujawahi kuona skrubu yenye meno kama haya?" Meno! Watu wanamwangalia juu chini, mimi natamani ardhi ipasuke.

Chumba chetu cha mbele kina simu thelathini na moja. Zinazolia ngapi? Hata moja. Maana mheshimiwa hatii skrubu ya dukani hata umlilie machozi. Lazima iwe ya kiwanda kilekile. Kwa hiyo anang'oa kwenye hii anatia kwenye ile, halafu kutwa anazunguka kutafuta ya kurudishia pale alipong'oa. Hiyo ndiyo anaita kazi.

Haya, hayo nilishayameza. Ya wifi ndiyo yalinishinda.

Wifi ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Macho yalishamwisha. Simu za kubonyeza haziwezi, ila yake ya kuzungusha anaijua: anahesabu matundu kwa kidole, anazungusha mpaka kidole kigote kwenye kijichuma kinachokizuia. Binti yake wa pekee yuko mji mwingine, ana mimba ya kwanza, imefika mwezi wa nane na inamtesa. Kila asubuhi mama mtu alikuwa anampigia. Basi skrubu ya kile kijichuma ikapotea, kijichuma kikadondoka, kidole kikakosa pa kugota. Mara mbili akampata muuza mbao.

Akampa mdogo wake simu amtengenezee. Ilikaa mezani kwetu wiki tano. Wifi wa watu akawa anaazima simu ya jirani, anaongea na mwanawe dakika moja, jirani mwenyewe kasimama mlangoni anaisubiri.

Na pale kwenye rafu yetu kulikuwa na simu pacha wa ile, haikosi kitu.

"Si ung'oe skrubu ya hiyo umtilie dada yako," nikamwambia.

"Hiyo? Haijafunguliwa tangu itoke kiwandani! Unataka niiharibu?"

"Na dada yako je?"

"Dada atavumilia."

Nimewahi kumkasirikia mume wangu mara nyingi. Siku ile nilimdharau, na dharau haijanitoka mpaka leo.

Alipofunga safari kwenda kuchakura vyuma chakavu huko alikoambiwa skrubu ya aina ile ipo, mimi nikafungua skrubu ya mfuniko wa sufuria. Haikuingia vizuri. Nikaikaza kwa nguvu zangu zote mpaka bisibisi ikaniumiza kiganja, na kijichuma kikasimama imara. Jioni hiyohiyo nikampelekea wifi simu yake. Alipompata mwanawe alilia, nami nikalia naye.

Siku ya kumi bwana mkubwa akarudi, anachekacheka peke yake. Kaipata! Alipokuta meza tupu nikamweleza nilichofanya.

"Skrubu ya sufuria!" akapayuka. "Si sawa na kumvisha bibi harusi ndala! Twende. Na usimwambie nipo, nataka kumshtukiza."

Tulimkuta wifi uani anaota jua. Nikakaa naye kumpigisha soga. Yule mwingine akavua viatu, akaingia ndani kwa kunyata kama mwizi wa kuku, akatoa skrubu yangu, akatia yake. Sasa, skrubu yangu ilishapanua tundu, hilo nalikubali. Fundi yeyote mwenye akili angesikia kwenye bisibisi kwamba ya kwake haijang'ata. Yeye alishalewa furaha.

"Wifi, ngoja nimpigie mwanangu," wifi akasema. "Leo anakwenda kupimwa, ana wasiwasi."

Tukaingia. Mume wangu alikuwa kasimama kona, viatu mkononi, meno yote nje. Wifi akakaa, akahesabu matundu, akazungusha. Kijichuma kikadondoka sakafuni.

Wifi akapapasa pale kilipokuwa. "Wifi, kimetoka! Jamani, leo? Nitampataje mimi?"

Nilimgeukia yule pale kona. Alikuwa amenywea. Nikamnyooshea mkono. Akatia mkono mfukoni, akanipa skrubu ya sufuria na bisibisi. Nikapiga magoti, nikakaza.

"Tayari, wifi. Jaribu."

Akazungusha namba zote, polepole. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mwanangu! Hujambo? Tumbo je?" Akasikiliza, uso ukamchangamka. "Hapana, iliharibika kidogo tu, katengeneza mke wa mjomba wako. Mungu ambariki, bila yeye ningekuwa bado nagonga milango ya watu."

Akasikiliza tena.

"Mjomba wako?" akasema. "Aa, huyo hatumwoni, mwanangu. Huyo bado anatafuta skrubu."