Gitaa ya Korali na Uzi Munene

Nililegeza nyuzi za gitaa ya korali, waimbaji wa kanisa yetu, nikang'oa ule munene, kama wapiga roki, ili itoe akordi ya sol bila kubonyeza kitu. Kisha nikasahau kabisa.

Dimanche, siku ya ibada, mama yangu akaanza kuimba peke yake mbele ya kanisa. Mupiga gitaa, aliyefika amechelewa, akapiga bila kuangalia. Ikalia kama mbuzi mugonjwa. Mama akakwama, watu wakacheka.

"Uzi moja haiko!" mupiga gitaa akashangaa.

"Ni volkano," muzee mumoja akasema. "Inchi inatetemeka tangu juzi."

Nami, kichwa kimevurugika, nikaunga mukono: "Ndiyo, papa, ni ule mulima wa moto!" Nikavuta kitambaa mufukoni nipanguse jasho. Uzi ukaanguka, ting!

Mama akaniangalia: "Kumbe volkano inaishi mu suruali yako? Basi leo ikupikie bugali."