Tangi la zahanati ya Kakese lililoziba ufa lenyewe

Wakuu, kwema humu?

Haya yalinipata mimi mwenyewe, wala sijasimuliwa na mtu. Wa kubisha abishe, nimezoea.

Juzi nimeona wasomi wanahangaika kutengeneza zege linalojiponya nyufa. Nikacheka peke yangu. Kitu hicho nilikiona Kakese, hapo nje ya Mpanda, miaka ya tisini!

Nilikuwa fundi mwashi. Kijiji kiliniita nijenge tangi la mawe la kuvuna maji ya mvua pale zahanati. Kina mama walikuwa wanakuja kujifungua na ndoo ya maji kichwani. Hebu fikiria.

Saruji ilikuwa ya shida, nikachanganya na chokaa tuliyochoma wenyewe.

Sasa kosa langu ni hili. Chokaa ukishaizima kwa maji, unaichekecha kwanza. Mvua zilikuwa mlangoni, nikaona uvivu, nikapiga plasta na mabonge yake humo humo.

Mvua za kwanza tangi likajaa. Siku ya tatu ufa huu hapa, mwembamba kama uzi, maji yanachuruzika ukutani. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti wa kijiji akafoka: "Fundi, bomoa! Watu wamebeba mawe mgongoni, wewe umetujengea chujio?"

Mama Nestori, mkunga wa pale, akaingilia: "Mwenyekiti, tulia kwanza. Si maji bado yamo? Nyie tuacheni tuyatumie, yakiisha ndio mbomoe."

Mungu ambariki yule mama, maana mvua iliendelea na tangi halikukauka.

Wiki ya tatu napita, ukuta mkavu! Penye ufa pana mstari mweupe. Nikakwangua kwa msumari, hautoki. Wakuu, nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka nje.

Nikaanza research yangu ya kienyeji. Nikatengeneza vitofali viwili, kimoja cha chokaa iliyochekechwa, kingine chenye mabonge. Nikavipasua, nikavifunga kwa mpira wa baiskeli, nikavitia kwenye beseni la maji.

Baada ya mwezi nikafungua. Cha kwanza kikaachana palepale. Cha mabonge kiling'ang'ania! Nadhani yale mabonge yalikuwa yanayeyuka taratibu na kwenda kugandia kwenye ufa.

(Ufa wa kuingia kidole hauponi, msije mkaniloga. Nilijaribu, nikaambulia patupu.)

Nikampelekea mwenyekiti vile vitofali na kumweleza yote, hadi ule uvivu wangu. Akavigeuzageuza weee.

"Kwa hiyo ulikosea?"

"Nilikosea, mzee."

"Basi shule nayo inataka tangi. Kalijenge, na ukosee vilevile."

Nilichojifunza: kazi ikikuharibikia usikimbilie nyundo, ichunguze kwanza. Ningebomoa siku ile, ningebaki fundi mwenye aibu na kina mama wangeendelea kubeba ndoo.

Mafundi wa chokaa mlioko humu, hili mmewahi kuliona? Na engineers mje mnikosoe, ila kwa adabu.