Siku Baba Alipombeba Magesa

Nikiwa mtoto wa miaka tisa, pale kwetu Buswahili, nilipewa kazi ya kumlinda baba yangu asimguse mwanawe mchanga. Aliyenipa kazi hiyo ni Bibi, mama yake Baba, nami niliipokea kwa majivuno yote ya mtoto aliyeaminiwa na mtu mzima.

Baba alikuwa mwanajeshi. Alikwenda kwenye vita vya Uganda akaniacha na Mama, akarudi amekonda, na kovu shingoni ambalo hakulieleza. Kwetu, mwanamume aliyeua vitani harudii maisha ya nyumbani hivi hivi tu. Wazee wa ukoo humchinjia mbuzi na kumnawisha mikono kwa maji yenye majani, na kabla ya hapo hapaswi kubeba mtoto ambaye hajaota meno. Baba alikataa. Alikuwa Mkatoliki kwelikweli, si wa Jumapili tu.

"Mimi nilishaungama kwa padri, Mama. Mungu hasamehegi nusunusu."

"Padri hakuua mtu," Bibi akamjibu. "Mikono yenye damu haibebagi mtoto. Utakuja kunikumbuka."

Mwaka uliofuata akazaliwa mdogo wangu, Magesa. Baba hakutaka ugomvi na mama yake, hivyo alimtazama mwanawe kwa mbali na mapenzi yake akayamalizia kwangu. Kila Jumamosi alinikata kucha kwa wembe, kidole kimoja kimoja, akinishika mkono kana kwamba ni yai. Jino liliponiuma alinipakia kwenye baiskeli mpaka Bunda, akaniimbia njia nzima nyimbo za jeshi, nyingine za matusi. Mama akisikia habari hiyo hata leo atakasirika.

Mvua za kwanza zilikuja na kumbikumbi. Siku hiyo Mama alikwenda kisimani, Bibi alikuwa msibani kijiji cha jirani, nami nikaachiwa Magesa. Alikuwa amelala kwenye mkeka uani. Nikasikia watoto wenzangu wakipiga kelele kwenye kichuguu cha ng'ambo ya shamba, na mate yakanijaa mdomoni. Nikajiambia nitakwenda mara moja tu. Mtu yeyote aliyekula kumbikumbi wa kukaanga anajua kwamba hakuna mara moja tu.

Mvua ilirudi kwa kishindo. Nilipofika nyumbani mbio, gauni nimelikunja limejaa wadudu, mkeka ulikuwa unaelea majini. Magesa hakuwapo. Nilimkuta jikoni, kwenye mapaja ya Baba, kando ya moto. Baba alikuwa amerudi kutoka shambani akamkuta analia mvuani, akavua shati na kumweka kifuani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Baba amembeba mwanawe. Alikuwa anatabasamu, na nilipoingia aliona aibu.

"Lete nguo kavu," aliniambia. Baadaye, Mama akiwa bado hajarudi, akaongeza kwa sauti ya chini: "Wewe ulimwacha mtoto. Mimi nimembeba. Basi tunyamaze wote wawili. Umekubali?"

Nikasema nimekubali, Baba. Akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Siku ya tatu Magesa alishikwa na homa. Ya tano hakunyonya. Bibi alituweka uani, akaanza kuuliza: nani alimshika mtoto? Alikuwa na fimbo ya mpera mkononi. Aliuliza mara ya pili akinitazama mimi, maana mlinzi nilikuwa mimi.

"Baba," nikasema.

Magesa alifariki kabla ya Jumapili. Leo muuguzi yeyote atasema ilikuwa malaria au nimonia. Haikuwa mikono ya mtu, na labda hata mvua haikuwa na hatia. Najua hayo. Lakini sikumtaja Baba kwa sababu niliuamini mwiko. Nilimtaja kwa sababu niliogopa fimbo, na kumbikumbi nilikuwa nimeshawala.

Baba alikubali mbuzi. Wazee walimnawisha, wakasema sasa yu safi, abebe watoto apendavyo. Hakubeba tena. Mama alizaa wengine wanne, na wote Baba aliwatazama akiwa amesimama, mikono nyuma, kama yuko paredi. Wembe wa kucha alimkabidhi Mama. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilimpelekea. Akamsifu kweli, akamtungia jina la utani, ila nilipomnyooshea mtoto akarudi nyuma hatua moja. Ada zetu zote alizilipa kwa pamba na jasho lake. Hakuna mtoto wake aliyelala njaa wala aliyepigwa.

Uzeeni alikuja kukaa kwangu Kitaji, mjini Musoma, ili awe karibu na hospitali. Alasiri moja alikuwa anachambua maharage uani. Nikasema kitu nilichokaa nacho miaka yote.

"Baba, siku ile ya mvua. Kwa nini hukuwaambia kwamba mimi ndiye nilimwacha?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si tulikubaliana?"

Akaendelea kutoa mawe kwenye maharage. Nililia mbele yake, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nilipoweza kusema tena nikamuuliza kama na yeye aliamini kuwa mikono yake ndiyo iliyoua.

"Mwanzoni hapana," alisema. "Lakini nyumba nzima walikuwaga wanaamini. Ukikaa na watu miaka yote hiyo, na wewe unaamini kidogo."

Tulimzika Buswahili. Wanajeshi wenzake, waliobaki, walikuja na kofia zao, na mimi kama mkubwa nilisoma wasifu wa marehemu: utumishi wake vitani, ndoa yake, moyo wake kwa familia. Mama alikaa mstari wa mbele. Niliposoma jina la Magesa miongoni mwa watoto waliotangulia, aliitazama mikono ya Baba iliyopangwa kifuani ndani ya jeneza, kisha akageuza uso pembeni.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikasoma mstari uliofuata. Mama bado yu hai, ana akili zake timamu, na kila mwezi nampelekea sukari na dawa ya presha. Tunaongea mchana kutwa, kisha napanda gari kurudi Musoma, na sijamwambia.