Sufuria Iliyobaki Ziwani

Mke wangu nilimwoa Moroni, na kwa desturi ya kisiwa cha Ngazidja nikahamia kwake: nyumba yake, vitanda vya mama yake, hata kata ya kuogea ya bibi yake. Mwaka mzima nilikuwa mgeni asiyeondoka. Nikajiapiza kwamba walau safari moja, mimi ndiye nitakayekuwa mwenyeji wake.

Huko Ndzuani, kisiwa nilikozaliwa, juu milimani karibu na ziwa la Dzialandze, palikuwa na nyumba ya wageni. Mamluki wa Kizungu waliomlinda rais enzi zile walikuwa wamezoea kupumzika huko, na mkubwa wangu ofisini, aliyekula nao na kucheka nao, ndiye aliyeniombea chumba kwa siku tatu. Nikaenda soko la Volo Volo kununua viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwa matope ya milima ile!

Tatizo lilikuwa Mutsamudu, mji wa bandari tutakakoshukia. Hapo aliishi mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu naota meno mpaka nikapata cheti. Alikuwa akichukua samaki kwa wavuvi wa Mirontsy, jirani na mji, na kuwatembeza mjini, beseni kichwani. Kwa wakwe zangu nilikuwa nimesema ni mfanyabiashara mwenye nyumba ya ghorofa. Na kwetu, mtu akishuka penye ndugu yake, huenda kwanza kwa ndugu huyo akala na kulala. Kulala kwa kulipia ni kumtangaza ndugu yako kuwa hana mlango. Yote hayo niliyajua. Nilishuka bandarini nimeinamisha kofia, nikamharakisha mke wangu kwenye gari la nyumba ya wageni, nikajiona mjanja. Ujanja gani? Nusu ya wapagazi wa bandari ile nilisoma nao chuo cha Kurani.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Tulitembea mpaka ziwani, na aliyetuongoza akatukataza kutia mguu majini, kwa heshima ya wenyewe wasioonekana. Njiani tukapita kibanda wanakokeneka mafuta ya mlangilangi. Mzee wa mtambo akampa mke wangu tone moja mkononi, naye akanusa na kucheka njia nzima. Nikajiona mume.

Kesho yake alasiri tulikuwa barazani. Mamluki wawili walituita mezani kwao, wakafungua chupa ya mvinyo. Mke wangu akaomba maji ya machungwa. Mimi nikapokea glasi. Sikuwa nimeonja mvinyo maishani mwangu.

Ndipo mama mkubwa akatokea ngazini.

Alikuwa amejitanda shiromani, nguo yake ya sikukuu, na kupaka liwa ya msandali uso mzima, kama wanawake wetu wanavyofanya wanapokwenda kumpokea bibi harusi. Miguu ilijaa tope mpaka kwenye vifundo. Kichwani alibeba sufuria iliyofungwa kitambaa, na sufuria yenyewe niliijua: kishikio chake kimoja nilikivunja mimi, utotoni, nikiisugua.

"Nani huyu?" mmoja wa wale wazungu akaniuliza kwa Kifaransa. "Unamjua?"

"Hapana," nikasema. "Anauza chakula, nafikiri."

Mama mkubwa hakwenda shule, lakini "hapana" ya Kifaransa visiwani kila mtu aliijua. Mhudumu akamuuliza anamtafuta nani. Akaitazama glasi yangu. Akamtazama mke wangu, kwa muda mrefu, akatabasamu kidogo.

"Simtafuti mtu," akasema. "Nimesikia kuna wageni. Chakula hiki ni chao."

Akaitua sufuria, akateremka. Nami sikuinuka.

Sufuria ikapelekwa jikoni, chakula kikarudi kwenye sahani za kigeni: mataba, yale majani ya muhogo ya nazi, na samaki wa Mirontsy. Mamluki walikula na kusifu. "Aliyepika hiki," mke wangu akasema, "alikuwa anampikia mtu wake." Niliona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo, na nina mvi. Hata hivyo nilikula.

Siku ya kuondoka, nafsi ilikataa kupita tena nimeinamisha kofia. Nikampeleka mke wangu nyumbani kwa mama mkubwa, chumba kimoja, mkeka mmoja. Alisimama mlangoni, uso wake mkavu, bila liwa.

"Mmefika lini, mwanangu?" akauliza.

Alikuwa akinifungulia mlango. Nilichotakiwa ni kusema ukweli tu.

"Leo," nikajibu. "Leo hii, mama."

Mke wangu alimtazama yeye, akanitazama mimi. Akafumbua mdomo. Mama mkubwa akamwahi, akamshika mikono yote miwili.

"Ingia, binti yangu. Nimekusubiri sana. Hamwondoki hapa bila kula."

Kisha akaenda mlango wa nyuma, akamwita jirani amwazime sufuria.