Machela ya Luhende

Luhende alikuwa hambiliki. Kila kiangazi alipoondoka na ng'ombe kutafuta malisho huko bondeni Momba, begi lake la mgongoni lilikuwa na unga, chumvi na machela: sandarusi zilizoshonwa pamoja, za kufungwa kati ya miti miwili mtu akalala humo. Ndiyo machela hiyo hiyo iliyombeba mkewe, Paskalina, alipozidiwa baada ya kujifungua masika ya mwaka juzi, mto umejaa na pikipiki haivuki. Mtoto alipona. Paskalina hakufika zahanati.

Kaka yake Luhende, Eliudi, alimnunulia hema la mtumba kule Mlowo. Zuri, zipu nzima, halivuji. Luhende alilala humo usiku mmoja tu, kisha akaweka humo chumvi ya ng'ombe na pampu ya dawa, mwenyewe akarudi kuning'inia kwenye machela. Watu wana midomo. Wakasema anajiitia kifo. Mama mkwe wake, Ketrina, aliyekuwa akimlea mjukuu, alitoa sharti moja: Goodness atarudi kwa baba yake siku baba huyo atakapolala hemani kama watu.

Na Luhende alimtaka mwanawe. Alimtaka mpaka roho ikamuuma.

Basi Ketrina alipotuma salamu kwamba anakuja, ilibaki kazi ya dakika tano: kufungua kamba, kuficha sandarusi, kutandika hemani. Mtu mwingine yeyote angefanya. Yeye alikaa akaitazama hiyo machela mpaka mama mkwe akatokea, mtoto mgongoni.

Ketrina alikaa kwa mbali, kama adabu ya ukwe inavyotaka. "Baba Goodness, hema naliona. Mbona na hiyo ipo?"

Luhende aliinamisha macho. "Mama, siku ile njiani Paskalina alituomba tumshushe apumzike. Mara tatu. Nikasema twendeni, tutachelewa. Mimi nilibeba upande wa mbele, sikuwa namwona. Aliponyamaza nikafurahi, nikajua amelala. Hemani napata usingizi, mama. Kwenye hiyo machela sipati. Ndiyo maana nalala humo."

Ketrina alikuwa ameshaanza kulegeza fundo la kanga amshushe mtoto. Habari hiyo hakuwahi kuambiwa. Akalikaza fundo, akasimama, akauliza njia ya mkato ya kurudi barabarani.

Luhende akachukua fimbo kumsindikiza. Alitembea nyuma, apate kumtazama mtoto.