Kikombe cha Mawimbi ya Buluu

Madam wangu hapa ughaibuni, Al Warqa, kanipa kikombe nikioshe, kidogo kama ganda la yai, kimechorwa mawimbi ya buluu kwa mkono. "Taratibu, mama. Wajapani hunywea pombe hicho."

Pombe! Kwetu kikombe kama hicho tulinywea kombe. Miguu yangu inavimba siku hizi, lakini hayo tuyaache. Nilipokuwa mdogo, mwalimu wa madrasa aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akanipa kikombeni nimpelekee mama yangu mgonjwa. Nikajikwaa mlangoni, dawa yote ikamwagika. Nikajaza maji ya mtungi.

Mama akayatazama yale maji yasiyo na umanjano, akanitazama mimi, akayanywa yote. "Nasikia nafuu, mwanangu."

Ijumaa tukamzika.

Kikombe cha madam nimekiosha mara nne sasa.