Baba Alivyoingia Nyumbani Akiwa Lodwar

Ilianza Jumapili, saa tisa kasorobo mchana. Saa naijua kwa sababu kamera huiandika yenyewe kwenye kona ya picha, na picha hiyo niliitazama mara nyingi kuliko ilivyonifaa. Nilikuwa nje nikianua nguo, maana mvua ilikuwa imeanza kunukia kutoka upande wa Chepkoilel. Mama alikuwa kanisani kwa mkutano wa akina mama. Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa peke yake sebuleni. Ndipo nikasikia sauti ya baba ikipiga kelele ndani ya nyumba.

Baba hayuko nyumbani. Yuko Lodwar, mbali huko kaskazini, anatunza stoo ya watu wa ujenzi, na huja mwisho wa mwezi. Na huo mwezi alikuwa ameambiwa asije kabisa.

Lazima nieleze. Sisi ni watu wa magharibi ya Kenya tunaoishi hapa Eldoret, na kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakai pamoja. Hawasalimiani kwa mkono. Kukhu akimwona baba njiani huko nyumbani, huvuta leso yake na kuhama upande wa pili wa barabara, na baba naye huangalia chini kama mtu aliyeangusha sarafu. Hiyo si uadui. Ndiyo heshima yenyewe. Tangu nizaliwe Kukhu alikuwa hajawahi kulala kwetu.

Sasa macho yake yakaingia ukungu. Daktari wa huko akasema ni mtoto wa jicho, aletwe Eldoret afanyiwe upasuaji, na akichelewa zaidi jicho la kushoto halitarudi. Akapangiwa Jumatatu asubuhi. Kabla hajaja, mjomba alimpigia baba simu, wakaongea kwa adabu nyingi, wakakubaliana: baba abaki Lodwar mpaka Kukhu atibiwe na arudi kwake. Kukhu alale chumba changu, asikanyage cha wazazi, asikalie kiti cha baba. Kila kitu kilipangwa. Hata nilimsikia mama akicheka kwa simu, "Bwana yangu amefukuzwa kwake na mwanamke mwenye jicho moja!"

Wiki hiyohiyo jirani wa nyuma alivunjiwa mlango mchana, wakambebea televisheni na mtungi wa gesi. Baba aliposikia alituma kamera kwa basi. Ilikuja Jumamosi ndani ya kiboksi kidogo, nyeupe, ya duara, inakaa kama yai lililowekewa miguu. Haina waya isipokuwa ule wa chaja.

Kuiweka ilikuwa kazi yangu. Mama anasema mambo ya simu ni ya mtu ambaye haongei na watu, na nyumbani kwetu mtu huyo ni mimi. Mimi ni wa kidato cha tatu na bado nikitumwa dukani nasimama mpaka mwenye duka aniulize. Lakini kitu ambacho hakiniangalii usoni naweza. Hiyo kamera ilinisumbua karibu alasiri yote. Waifai yetu ina majina mawili, moja ya kasi na moja ya polepole, na kamera ilikuwa inakataa. Inasema tu kwa sauti ya mwanamke wa Kiingereza kwamba imeshindwa. Mwishowe nikagundua inataka ile ya polepole. Nikaionyesha simu yangu yenye ule mraba wa vidoadoa vyeusi, ikalia *ting*, taa ikawa ya buluu.

"Hiyo kitu inaona?" Kukhu aliniuliza kutoka kwa kochi.

"Inaona, Kukhu."

"Basi inanishinda. Waambie hospitali wanipatie kama hiyo."

Tulicheka. Mama alinituma niiweke juu ya kabati ya televisheni, ikitazama mlango, kwa sababu wezi wanataka televisheni. Baba akapiga simu akasema hivyohivyo: "Iangalie mlango na sebule yote. Halafu unitumie ile namba ya siri na mimi nione kwa simu yangu." Nikamtumia. Hata nilimwonyesha kitufe cha kuongea, ukikibonyeza sauti yako inatokea kwa kamera, ili akiona mwizi amtishe. Alifurahi. Alikibonyeza akasema, "Halo, halo, watu wa nyumbani," na mama akajibu, "Nyamaza, wewe mtu wa Lodwar." Kukhu wakati huo alikuwa ameshaenda kulala.

Sisi wote tulikuwa na akili timamu. Mama, baba, na mimi ninayesoma fizikia. Tulikuwa tumehesabu mwili wa baba tu, uko wapi, usije. Hakuna aliyewaza kwamba nimeweka macho yake sebuleni. Kamera ilikuwa kitu ya wezi. Kukhu si mwizi.

Sasa Jumapili. Kukhu ana bega linalomuuma kukiwa na baridi, na Eldoret kuna baridi kila wakati wa mvua. Tulipotoka kanisani na kula, mama akarudi kwa mkutano wake, naye Kukhu akakaa kwa kochi la karibu na dirisha ambapo jua huingia. Mimi nikatoka kwa nguo. Yeye, akijua nyumba ni ya wanawake watupu, akatoa kitambaa cha kichwa, akashusha blauzi mpaka kiunoni, akaanza kujipaka dawa ya kuchua.

Simu ya baba ikamwambia kuna mtu ndani. Huko Lodwar mtandao ni wa kuomba, kwa hivyo picha ilianza kama uji, kivuli tu kinachosogea karibu na dirisha. Na anajua mama huwa kanisani Jumapili mchana, akadhani tumeenda naye sote. Akabonyeza kitufe.

"Wewe! Wewe nani? Toka kwa nyumba yangu! Nakuona!"

Niliangusha nguo zote kwa matope. Nilipofika mlangoni Kukhu alikuwa amesimama katikati ya sebule, leso ameikumbatia kifuani, anageuka huku na huku na macho yake mabovu akitafuta mahali mkwe wake ameingilia. Sauti ikatoka tena juu ya kabati, lakini ndogo sana. "Aii. Uwi, Mama." Kisha sauti ikakatika.

Kukhu hakulia. Aliniuliza tu, "Yuko wapi?"

"Yuko Lodwar, Kukhu. Ni hiyo kamera."

"Nimesikia sauti yake hapa. Yuko wapi?"

Nilijaribu kueleza, na jinsi ninavyoongea nikiwa na hofu, hata mimi sikujielewa. Alivaa, akafunga kitambaa vizuri, akatoka nje akipapasa ukuta, akakaa kwa jiwe la kufulia karibu na tangi la maji. Mvua ikaanza. Nilimletea mwavuli, akaushika, lakini ndani hakurudi.

Mama alimkuta hapo. Alinisikiliza mara moja, akaingia, akachomoa chaja ya kamera kwa nguvu mpaka soketi ikatoa cheche, akailaza kifudifudi mezani. "Haya, Mama, nimeua hiyo mdudu. Ingia."

"Nyumba ya mkwe yangu, na yeye mwenyewe amenikuta ndani uchi, ameniambia nitoke. Niingie vipi?"

"Alidhani ni mwizi!"

"Mwizi ni afadhali. Mwizi si mkwe, akiniona hakuna mwiko."

Jirani yetu, mama mmoja Mkalenjin anayeuza maziwa kutoka kwao Ainabkoi, alisikia kelele akaja kwa ua. Hakuuliza mengi. Alisema, "Mama, hata kwetu hiyo ni mbaya. Kuja kwangu. Kwangu hakuna mkwe, hata bwana sina." Kukhu akaenda naye. Kabla hajatoka lango alimwambia mama, "Kesho asubuhi unitafutie gari. Naenda nyumbani."

"Na jicho?"

"Jicho la kuona nini tena?"

Mama alimpigia baba, hakushika. Alipiga tena na tena. Mwishowe alishika, na mama akaenda chumbani akafunga mlango, lakini nyumba yetu ni ya mabati na mbao ndani, kila kitu kinasikika. Baba alikuwa anaongea kidogo sana. Mama ndiye alikuwa anasema, "Useme hukuona. Useme ilikuwa giza, mtandao ulikuwa mbaya. Nitamwambia hivyo. Ataelewa, atalala, kesho tumpeleke."

Akaenda kwa jirani kumwambia. Akarudi amekunja uso. "Ananiangalia tu na anajua nadanganya."

Mimi wakati huo nilikuwa na simu. Kamera ilikuwa imezimwa lakini ilichorekodi kilikuwa bado kiko kwa simu. Sikutaka kutazama, kisha nikatazama, kwa sababu ndani yangu niliomba mama awe anasema kweli. Picha ni safi. Kwa kamera yenyewe hakuna uji. Uji ulikuwa Lodwar. Kukhu anajipaka, sauti ya baba inafoka, Kukhu anashtuka, anasimama, anageukia kabati hivyohivyo alivyo, leso iko bado kwa kochi. Anakaa hivyo kwa muda. Ndipo anainama, anachukua leso, anaikumbatia, na ndipo baba anasema lile "Aii." Nilirudia hapo mara nyingi. Mtu hawezi kusema "Aii, Mama" kwa kivuli. Alimwona, na alimtambua.

Nikaifuta. Nikaifuta na kwa kadi ya kumbukumbu pia. Lakini sasa ilikuwa kichwani mwangu, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Mimi ndiye niliyeiweka. Hakuna aliyenilaumu, hata mama. Walikuwa wananizunguka tu kama kiti.

Jumatatu kulipokucha mama alikuwa ameshatoka, ameenda kuomba ruhusa kazini kwanza, amesema atapitia kwa jirani ajaribu mara ya mwisho. Kukhu alitakiwa kuwa hospitali saa mbili. Sikunywa chai. Nilivaa sweta ya shule kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu, nikaenda kwa mama wa maziwa.

Kukhu alikuwa amekaa kwa stuli, mfuko wa safari kati ya miguu, viatu miguuni. Mama wa maziwa alikuwa anachuja maziwa kwa sufuria.

"Mama yako amepata gari?" Kukhu aliuliza. Alinijua kwa hatua.

"Hapana."

Akasema, "Wewe ndiye uliweka hiyo kitu. Unaijua. Mama yako anasema hakuniona. Aliniona?"

Mama wa maziwa aliacha kuchuja.

"Alikuona, Kukhu."

"Aliniona mpaka wapi?"

Nikagusa kiunoni kwangu, halafu nikakumbuka haoni vizuri, ikabidi niseme kwa mdomo. Nilisema.

Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Sasa hayo ni maneno," akasema. "Hayo yana njia."

"Kwenu mnafanyanga aje?" mama wa maziwa akauliza.

"Mkwe analeta blanketi. Hanipatii yeye, anatuma mtu. Mtu ananifunika mbele ya watu wazima, imekwisha, tunarudi kwa heshima yetu. Lakini jana nimeambiwa hakuona. Kama hakuona, nimdai blanketi ya nini? Nitakaa hivyo nikiwa uchi mpaka nife?"

"Ah! Kumbe!" Mama wa maziwa alipiga paja. "Na wanataka kukupasua jicho ukiwa hivyo!"

Nilitoka nje nikampigia baba. Mimi huwa simpigii baba; mama hupiga, halafu ananipa simu nijibu "nzuri" tu. Alishika mara ya kwanza, kama aliyekuwa ameikalia hiyo simu.

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana. Baba, nimemwambia Kukhu ulimwona."

Nikasikia lori likirudi nyuma huko kwake, lile linalolia pii, pii.

"Anasema atafunikwa na blanketi," nikasema. "Utume mtu."

"Amekasirika?"

"Alikuwa amekasirika kwa sababu mlisema hukuona."

Akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ndogo, "Anapenda rangi gani?"

Nilienda nikauliza. Kukhu alisema kijani, isiwe nyepesi. Mama wa maziwa akasema yeye ndiye atanunua kwa niaba ya baba maduka yakifunguliwa, na yeye ndiye atafunika, kwa vile ni mtu mzima na hana udugu na upande wowote. "Lakini hospitali haingojei blanketi," akasema. "Nendeni kwanza."

"Nitaenda," Kukhu alisema. "Kwa hiyo nyumba sirudi mpaka nifunikwe. Nikitoka hospitali naja hapa."

Tulikutana na mama langoni. Kukhu alimwambia yote kwa lugha ya nyumbani, haraka. Mama alimsikiliza, halafu akanigeukia mimi. "Nani alikutuma uongee?" Akatoa kitambulisho cha Kukhu kwa mkoba, akanisukumia mkononi, akaingia kwa nyumba. Sijui kama alikuwa analia. Sikumfuata.

Saa mbili kasoro tulifika hospitali. Watu walikuwa wengi, na yule wa dirishani alikuwa hainui kichwa. Nilisimama kama ninavyosimama dukani. Kukhu alikuwa amenishika mkono wa sweta. Nikasogeza kitambulisho chini ya kioo, nikasema jina lake kwa sauti, nikasema, "Amekuja kwa jicho la kushoto."